Daftari la Chumba Namba Sita

Mama Kumbukumbu hakuzaliwa na jina hilo, na alipobandikwa mara ya kwanza alinuna mpaka jioni. Aliyembandika ni mfamasia mmoja mwenye mdomo usio na breki, mwanafunzi mwenzake wa Kihispania. Lakini ukimjua huyu mama, utakubali kwamba jina lingine lingekuwa dhuluma.

Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao katika jengo la ghorofa nne ambalo mji mzima unaliita Ofisi Kuu. Miaka ishirini na saba! Wakubwa wamekuja na matumbo yao na kuondoka nayo, yeye yupo pale pale, pembeni mwa meza ndefu, mgongo wima, kalamu mkononi. Alijifunza mwandiko wa mkato akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mwalimu aliyekuwa akipiga vidole kwa rula, na tangu hapo hakuna neno lililompita. Mkubwa akisema, anaandika. Mkubwa akikohoa, anaandika amekohoa. Watu wakicheka, anaweka kwenye mabano: kicheko. Na kama waliocheka ni nusu, anaandika kicheko cha baadhi. Wenzake walimwambia, mama wee, hayo ya kucheka achana nayo. Alijibu kwamba kikao kilichochekwa si sawa na kikao kisichochekwa, na asiyejua hilo akauze vitumbua.

Kihispania alikipata kwa ajali. Mumewe alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, na kila Jumamosi alifua mapazia yaliyokuwa safi. Binti yake, muuguzi, akachoka kuangalia. "Mama, nenda chuoni ukasome chochote. Chochote! Haya mapazia yatachanika." Akavaa viatu vizuri, akaenda kujiandikisha kompyuta. Kompyuta imejaa. Msajili akachungulia orodha yake akasema, "Kihispania kipo, mama. Nafasi tele."

"Kihispania cha nini?"

"Cha kusema na Wahispania."

Angeondoka, ila viatu alikwisha vivaa. Ndiyo hivyo. Miaka minne baadaye alikuwa anasoma riwaya nzima kwa lugha ile, kamusi pajani, miwani puani, na ukimsemesha akiwa katikati ya sura anakutolea macho kama umemkanyaga.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba namba sita, nyuma ya karakana ya viti, Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Walianza kumi na wanane. Vitenzi vikawapunguza, wakabaki watatu: yeye, mfamasia, na mwalimu mstaafu wa kike waliyemwita Bibi Jiografia, aliyekuja na ramani zake mwenyewe kwa sababu za chuo zilikuwa zimeliwa na mende. Mwalimu wao walimwita Maestro. Mwembamba, kikohozi cha chaki, koti moja la kijivu. Alikuwa amesoma miaka kumi na moja huko kunakosemwa lugha hiyo, akarudi na sanduku la vitabu na tabia ya kukaa anatazamana na mlango.

"Msisome riwaya hizi kama ngano," aliwaambia. Bibi Jiografia akitandaza ramani, yeye anaonyesha kwa chaki: hapa walitawala wanajeshi, hapa pia, na hapa. Hapa watu walichukuliwa nyumbani kwao mchana kweupe na serikali ikasema haiwajui. Hapa kina mama walizunguka uwanja na picha za watoto wao, kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Waandishi wengi walikimbia, wakayaandika ya kwao wakiwa ugenini. "Ndiyo maana maiti wanaongea humu ndani," alisema akigonga kitabu. "Walio hai walikuwa wameshonwa midomo."

Basi, sasa nikwambie kosa la Mama Kumbukumbu, ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya, maana mtu mwingine anaposoma huandika vitu viwili vitatu pembeni ya kitabu akaenda zake. Yeye hakujua kusoma hivyo. Siku ya kwanza kabisa ya riwaya alifungua daftari jipya, gumu, jekundu, akaandika juu: Kumbukumbu za Kikao cha Kwanza. Waliohudhuria. Wasiohudhuria kwa taarifa. Wasiohudhuria bila taarifa. Mwenyekiti: Maestro. Na kuanzia hapo akaandika kila kilichosemwa na aliyekisema.

Wenzake walicheka hadi machozi. Kisha wakazoea, kisha wakapenda. Kila Jumamosi alianza kwa kuwasomea kumbukumbu za wiki iliyopita, wakarekebisha, Maestro akauliza kwa sauti ya kikubwa, "Je, wajumbe, ni sahihi?" Wote wanajibu "Sahihi!" kama wabunge. Halafu, jamani, wanatia saini. Wote. Kila ukurasa, chini, na tarehe. Mfamasia alikuwa na saini ya madaha yenye mkia mrefu. Aligombana na mama mara moja tu, siku aliyoandikwa hakuhudhuria bila taarifa.

"Mama Kumbukumbu, mimi nilikuwa naumwa tumbo! Futa hiyo."

"Uliniambia? Hukuniambia. Mfamasia mzima anaumwa tumbo, aibu zako."

"Ukifa wewe watakuandika bila taarifa!"

Mwaka ule walisoma riwaya ya fundi cherehani wa jenerali. Jenerali anazeeka, anasinyaa, na fundi anaitwa kila mwezi kupunguza suti kwa siri, ili mkubwa asijue kwamba amepungua. Nchi nzima inaona, hakuna anayesema. Fundi ana kijitabu cha vipimo, na kijitabu kile ndicho kinachomponza mwishoni. Nao pale chumbani, juu ya ubao, kulikuwa na picha ya mkubwa wa nchi yao, ile ile iliyokuwa ukutani kwa kila ofisi na kila duka, nywele nyeusi tii, miaka ishirini haijabadilika. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba mwenyewe hasimami tena bila kushikwa. Mfamasia akainua macho akaitazama picha, akasema, "Na huyu wetu? Sijui fundi wake analala saa ngapi."

Walicheka, Mungu awasamehe. Bibi Jiografia alicheka mpaka akashika meza. Maestro alicheka huku anatazama mlango. Na Mama Kumbukumbu, machozi ya kicheko yakimtiririka, aliandika: Mfamasia alitaka kujua fundi wa mkubwa wetu analala saa ngapi. (Kicheko cha wote.) Mwenyekiti alisema swali ni zuri ila halijibiwi kitabuni. Jumamosi iliyofuata akasoma, wakajibu "Sahihi!", wakatia saini.

Siku hiyo hiyo ya saini Bibi Jiografia aliuliza waandishi walijuaje mambo ya siri kiasi kile. Maestro akakaa juu ya dawati. "Mengine walibuni. Mengine, baada ya miaka mingi, yalikutwa kwenye makaratasi. Palikuwa na karani fulani aliyeambiwa achome, hakuchoma." Akamgeukia Mama Kumbukumbu akamwinamishia kichwa kidogo, kwa utani. Mama akaona haya, akaandika na hilo.

Sasa huko kazini palikuwa na Katibu mpya. Mtu laini. Viatu havilii. Anakujulia hali, anakuuliza binti hajambo, zamu za hospitali zinamchosha? Mama hakuwahi kumwambia kwamba binti yake ni muuguzi, lakini hilo hakulifikiria wakati ule. Siku moja Katibu alimsifu mbele ya makarani wote, akasema kumbukumbu zake ni za kufundishia. Miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kichwa kikavimba. Akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari jekundu, akasema kwa furaha, "Hata masomoni kwangu naandika hivi hivi, mheshimiwa. Angalia, na saini wanatia."

Loo, mama wewe! Nani alikutuma?

Katibu alifunua ukurasa mmoja, akafunua wa pili. Akatabasamu. "Kazi safi sana. Niazime mpaka kesho, nijifunze." Kesho yake alilirudisha likiwa limefutwa vumbi, na juu yake kalamu nzuri ya wino, zawadi. Mama alirudi nyumbani anaimba. Alimwonyesha binti kalamu. Binti aliigeuza geuza akauliza, "Kwa nini amekupa?" Mama akamwambia asiwe na roho ya kwa nini.

Jumamosi mbili zikapita. Ya tatu, mfamasia hakuja. Mama akaandika bila taarifa, akajiandaa kwa ugomvi. Jumamosi ya nne hakuja pia, na ugomvi ukakosa mtu. Wakasoma bila yeye, na kila walipofika mahali pa kuchekesha walinyamaza kumsubiri. Baada ya darasa mama akapita dukani kwake. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na duka la dawa limefungwa. Kufuli lilikuwa jipya, kubwa, si lile lake la siku zote. Mwanamke mmoja alisimama pale na mtoto mgonjwa mgongoni, anaisoma karatasi ya daktari na kuutazama mlango, anaisoma tena.

Akazunguka nyuma, kwa mke wa mfamasia. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala mapajani haina kazi.

"Dada, karibu," alisema bila kusimama. "Walikuja wawili. Wamevaa vizuri, wana adabu. Wakasema ni dakika kumi tu. Leo siku ya kumi na mbili."

"Wamempeleka wapi?"

"Kila ninapouliza naambiwa hajulikani. Nimekwenda Ofisi Kuu, nimekwenda kituoni, wananiambia labda ana mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa stoo, nyuma ya pazia. Walikuwa na karatasi, wakawa wanamsomea aliyoyasema. Mfamasia alitaka kujua nini sijui, fundi sijui analala saa ngapi. Na wakasoma, kicheko cha wote. Nikuulize, dada yangu, wewe ni mtu wa maofisini. Nani anakaa chini akaandika kicheko?"

"Sijui," alisema Mama Kumbukumbu. Aliaga vibaya, akatoka, akafika barabarani, akasimama hapo kwenye jua mpaka mwenye kibanda cha viatu akamuuliza kama anatafuta mtu. Kisha akarudi. Akasimama mbele ya yule mke, akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyeonyesha. Sikujua." Yule mwanamke hakumtukana. Aliingia ndani akarudisha mlango taratibu, na hilo mama alilisikia kwa wiki nzima kuliko tusi lolote.

Jumatatu Katibu alimwita. Chai mezani, vikombe viwili. "Lile daftari," alisema, "nimelipenda. Nitakuwa naliazima kila Jumatatu. Endelea tu kuandika vilevile, usibadilishe hata kidogo." Akakoroga chai. "Binti yako bado yuko wodi ya watoto? Kazi nzito ile." Mama akasema ndiyo, mheshimiwa. Akaweka mikono chini ya meza, na kwa mara ya kwanza maishani hakuandika kilichosemwa mbele yake.

Jumamosi ikafika. Alikaa mahali pake chumba namba sita akawaambia wote wawili kila kitu, bila kujitetea. Bibi Jiografia aliruka. "Wewe mwanamke! Kiherehere chako kimemuuza mtu! Lete hilo daftari, lichomwe sasa hivi, karakanani kuna moto wa gundi." Akalishika. Mama akaliachia.

Maestro ndiye aliyeweka mkono juu ya daftari. Midomo ilikuwa imempauka. "Usichome," alisema. "Wao wana nakala. Tukichoma letu, litabaki lao peke yake, na lao watalisoma wanavyotaka."

"Basi kimbia, Maestro," mama alimwambia, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Ondoka leo. Mimi nitasema umeugua."

"Nilishakimbia mara moja huko nilikokuwa. Sina nguvu za mara ya pili, mama. Na nikiondoka watamfuata nani? Watakuja kwenu." Akavuta kiti chake, akakaa anatazamana na mlango. "Tusomee kumbukumbu za wiki iliyopita."

Akasoma. Maestro akauliza kama ni sahihi, wakajibu sahihi, si kwa kelele kama zamani, wakatia saini. Palipokuwa pa mkia mrefu wa mfamasia palibaki peupe. Bibi Jiografia alitia saini yake huku anamwangalia mama kwa jicho la chuki, lakini alitia.

Walikuwa katika sura ya mwisho, fundi anakunja kitambaa chake, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mlango ulipofunguliwa bila kubishwa. Wanaume wawili. Mashati meupe yaliyopigwa pasi. Mmoja alikuwa na kovu kwenye nyusi, wa pili alitafuna kitu. "Mwalimu, shikamoo," alisema mwenye kovu. "Twende mara moja. Ni dakika kumi tu."

Maestro alisimama. Alifunga vifungo vya koti, vyote, mpaka cha juu. Mama Kumbukumbu alikuwa anaandika. Hakuamua, mkono wenyewe ulikuwa unakwenda: saa, mashati, kovu, dakika kumi. Yule anayetafuna akamsogelea akasimama juu ya daftari.

"Unaandika nini, mama?"

"Kumbukumbu."

Mwenye kovu alicheka. "Mwache huyo. Ndiye yule mama wa Katibu, mtu wetu. Aandike tu."

Bibi Jiografia aligeuka kumtazama. Mama alitamani sakafu ipasuke. Mtu wetu! Lakini kalamu haikusimama. Akaandika na hilo pia, kwamba mwenye kovu alimtaja Katibu. Aliinuka akasogea dirishani, akaandika rangi ya gari na namba yake yote, na kwamba Maestro aliinamishwa kichwa kuingizwa, na kwamba kitabu chake kilidondoka uani na hakuna aliyekiokota. Karakana ilikuwa imezima mashine. Mafundi wote walikuwa wanatazama viti vyao.

Wakabaki wawili. Mama akarudi juu ya ukurasa, kwenye mahudhurio, maana kazi lazima ikamilike, akakwama. Hajawahi kukwama. Wasiohudhuria kwa taarifa. Wasiohudhuria bila taarifa. Mfamasia amuweke wapi? Maestro, aliyehudhuria mpaka saa nne na dakika ishirini, amuweke wapi? Alirudi nyuma kurasa mbili, akafika kwenye zile mbili alizomwandika mfamasia bila taarifa, akakumbuka alivyokuwa amejiandaa kumgombeza, akauma kiganja asipige yowe. Kisha akachukua rula, akapiga mstari, akaandika kichwa kipya ambacho hakuna aliyemfundisha: Waliochukuliwa. Chini yake akaweka wote wawili, na tarehe, na saa, na jinsi watu waliowachukua walivyokuwa.

Akamsukumia Bibi Jiografia. Yule bibi alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, kama anasahihisha mtihani. "Kovu lilikuwa nyusi ya kushoto," alisema. Mama akaongeza kushoto. Bibi Jiografia akatia saini, akalifunga daftari, akalizungushia ramani ya ile nchi ya kina mama na picha, akalitia mkobani mwake. "Kwako watalitafuta," alisema. Alifika mlangoni akasimama. "Sijakusamehe."

"Najua, dada."

Jumatatu Katibu alikuwa amekwisha andaa vikombe viwili. Akanyoosha mkono juu ya meza bila kuinua macho, kama mtu anayesubiri chumvi. Mama Kumbukumbu alikitazama kile kiganja. Alimfikiria binti yake, ambaye asubuhi ile yeye mama alikuwa amemweleza kila kitu, na binti akamfunga mama yake kifungo cha mkono wa gauni kilichokuwa wazi, akaenda zamu.

"Halipo, mheshimiwa," alisema.

"Liko wapi?"

"Kumbukumbu za Jumamosi bado hazijathibitishwa. Na utaratibu wa ofisi hii, uliotutumia wewe mwenyewe kwa barua, ni kwamba zisizothibitishwa na mwenyekiti hazitoki kwa mtu yeyote."

Katibu akainua macho sasa. Bado alitabasamu, ila kidogo. "Zitathibitishwa lini?"

"Mwenyekiti akirudi."

Chai ilitoa moshi. Katibu alisimama, akazunguka meza kwa viatu vyake visivyolia, akaenda akafunga mlango na kugeuza ufunguo. Mama Kumbukumbu aliitoa ile kalamu ya zawadi akailaza mezani, upande wa Katibu. Kisha akatoa mkobani kalamu yake ya kawaida na karatasi nyeupe, akanyoosha mgongo, akaandika tarehe, na saa mbili na dakika tano asubuhi, na mlango umefungwa kwa ufunguo na Katibu. Waliohudhuria: wawili.